Sanduku la Barua: Mwanafunzi Mweusi Ujerumani

Barua za mwezi huu zinatoka kwa wanaofunga mizigo kwenda vyuo vya Ujerumani, walioko huko tayari, na mzazi mmoja aliyebaki nyumbani. Tumezifupisha na kuondoa majina.

*Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji huko Dresden, naanza Oktoba. Tangu sekondari nimekuwa nikishika nafasi za juu. Jamaa aliyetangulia ananiambia nijiandae "kuanza upya". Kuanza upya vipi?*
Msomaji, Mwanza

Jamaa yako hajakosea, ila kakuachia fumbo. Akili unayokwenda nayo inatosha. Kinachobadilika ni nani anayekusukuma. Hapa kuna majaribio ya katikati ya muhula, kuna karatasi ya mahudhurio, kuna kiongozi wa darasa anayerusha matangazo kwenye kundi la WhatsApp. Kule somo zima mara nyingi hupimwa kwa mtihani mmoja, Februari au Julai, na kabla ya siku hiyo hakuna atakayekuuliza unaendeleaje.

Piga hesabu hii kabla hujapanda ndege. Uzito wa masomo hupimwa kwa pointi za ECTS, na pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Somo la pointi 6, ukihesabu saa 30 kwa kila pointi, ni saa 180. Darasani utakaa labda saa nne kwa wiki kwa wiki kama 15, yaani saa 60. Saa 120 zilizobaki ni zako na maktaba. Wengi wanaoanguka muhula wa kwanza hawakushindwa na hesabu wala na lugha. Waliiona ratiba ina nafasi tupu Jumanne na Alhamisi, wakadhani ni mapumziko.

La pili linawaumiza hata wenye bidii. Kusajiliwa chuoni si kusajiliwa mtihani. Kila mtihani unajisajili mwenyewe kwenye mfumo wa chuo, dirisha hufunguliwa kwa muda maalumu, mara nyingi wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe, kisha linafungwa. Ukichelewa, hufanyi. Ukijisajili usitokee, bila cheti cha daktari kilichowasilishwa mapema, unaandikiwa 5.0. Na hapa uwe macho, maana wewe umezoea GPA ambayo 5.0 ni kilele: Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 umepita kwa kukwaruza, 5.0 umefeli. Kwa kawaida unaruhusiwa kufanya mtihani mmoja mara chache tu, vyuo vingi mara tatu kwa jumla. Ukizimaliza zote unaondolewa, na fani hiyo hiyo hutaruhusiwa kuisoma tena katika chuo kingine nchini humo. Yote haya yameandikwa kwenye kijitabu kiitwacho Prüfungsordnung cha programu yako. Kisome wiki ya kwanza, siyo siku unayokata rufaa.

La tatu ndilo linalomkuza mtu, na wengi wanalikwepa: kwenda kuuliza. Sisi tumelelewa kutomsumbua mkubwa. Kule ukinyamaza profesa anajua huna swali, basi. Ana saa maalumu za kupokea wanafunzi, neno utakaloliona mlangoni ni Sprechstunde, mara nyingi saa moja kwa wiki, na huenda ukatakiwa kujiandikisha. Barua pepe ya kuomba nafasi iwe na mistari mitano: salamu rasmi yenye cheo chake, jina la somo, umesoma nini, umekwama wapi hasa, umejaribu nini. Chini weka jina na namba yako ya usajili. Usianze kwa aya nzima ya kuomba radhi kwa usumbufu. Hataelewa ni usumbufu gani. Ukiingia na karatasi yenye swali moja lililoiva, unatoka na jibu ndani ya dakika kumi. Ukiingia na "sijaelewa somo", unatoka na orodha ya vitabu.

Madogo madogo: ratiba ikiandika 10 c.t., kipindi kinaanza saa nne na robo asubuhi, ikiandika s.t. ni saa nne kamili. Na mhadhara ukiisha watu wakigonga meza kwa vifundo vya vidole, hawajakasirika. Ndiyo makofi yao.

*Kwetu Lushoto nilikuwa binti wa mwalimu, Msambaa, Mlutheri. Huku nimekuwa "mweusi" tu, saa zote. Kwenye tramu kiti cha pembeni yangu hubaki kitupu. Mwenzangu darasani alinishika nywele bila kuuliza. Mzee mmoja alinitukana kituoni kwa neno ambalo siwezi kuliandika. Nyumbani wananiambia nivumilie, nimekuja kusoma. Au najishtukia tu?*
Mwanafunzi, jimbo la Saksonia

Hujishtukii. Ila umetaja mambo matatu yenye uzito tofauti, na kwa ushauri wa nyumbani yote matatu yanameza dawa moja, kuvumilia. Hapo ndipo tunapotofautiana na wazee wetu.

Kiti kitupu huwezi kukithibitisha. Huenda ni rangi yako, huenda ni ile tabia yao ya kupenda kukaa peke yao hata wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Swali hilo halina jibu, na ukilibeba hadi chumbani linakula saa zako za kusoma. Liache kwenye tramu.

Nywele ni jambo la kusema, tena siku hiyo hiyo. Sentensi moja inatosha: "Bitte fass meine Haare nicht an", yaani tafadhali usiniguse nywele. Iseme kwa sauti ya kawaida, bila kucheka. Kicheko cha aibu, ambacho kwetu ni njia ya kukataa kistaarabu, kule kinasomeka kama umeridhia. Katazo la wazi wengi wao hawalihesabu kuwa ugomvi. Wanaomba radhi na mambo yanaendelea. Akirudia baada ya kukatazwa, sasa unajua huyo ni mtu wa aina gani.

Matusi ya kituoni ni kosa la jinai. Polisi ni 110. Kwa kosa la kutukanwa, wewe uliyetukanwa ndiye unayepaswa kuomba mashtaka yaendelee, na una miezi mitatu tangu ulipojua tukio na mhusika. Kinachoziua kesi hizi ni kukosa kumbukumbu. Usiku huo huo, kabla hujampigia mama, andika tarehe, saa, namba ya tramu, jina la kituo, maneno yaleyale kwa Kijerumani chake (usitafsiri, usiyapambe), sura na nguo za mtu, na jina na simu ya yeyote aliyeshuhudia. Picha za kamera za vyombo vya usafiri hufutwa baada ya muda mfupi, hivyo ukisubiri hadi wiki ijayo umechelewa.

Nyumba na ajira zina sheria yake ya kupinga ubaguzi, AGG, iliyoanza mwaka 2006. Ukinyimwa chumba au kazi kwa sababu ya asili yako, dai lako liwasilishwe ndani ya miezi miwili. Hapa pia ushahidi ndio kila kitu: hifadhi tangazo, barua pepe zote na saa ya simu. Njia inayokubalika ni kumwomba rafiki mwenye jina la Kijerumani aombe chumba hicho hicho siku hiyo hiyo kwa maelezo yanayofanana na yako. Wewe ukiambiwa kimeshachukuliwa na yeye akaalikwa kukiona, una la kuonyesha. Ofisi ya serikali kuu ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle des Bundes, inatoa ushauri bure.

Ndani ya chuo cha umma sheria hiyo haimfikii mwanafunzi sawasawa. Kanuni hutegemea jimbo na chuo. Berlin, kwa mfano, ina sheria yake ya mwaka 2020 inayozibana taasisi za umma. Kwako anza na baraza la wanafunzi, ambalo Saksonia huitwa StuRa, au mshauri wa chuo wa masuala ya ubaguzi. Na kuna kipimo kimoja kabla ya kulalamikia alama. Profesa akikuandikia pembeni "hii haieleweki", omba kuona alichowaandikia wenzako wawili. Wajerumani wengi husahihisha kwa ukali bila kupamba, kwa kila mtu. Kama wenzako wameandikiwa vivyo hivyo, rudi ukaandike upya. Kama ukali ni wako peke yako, una barua ya kuandika.

Polisi wakikusimamisha kwenye treni wewe peke yako kati ya abiria wote, toa kitambulisho, uliza sababu, uliza jina au namba ya askari, usibishane hapo hapo. Ubishi una mahali pake. Mwanafunzi mmoja mweusi aliyekaguliwa kwenye treni kati ya Kassel na Frankfurt mwaka 2010 aliishtaki serikali, akashindwa mahakama ya kwanza. Alipokata rufaa Koblenz, Oktoba 2012, mahakama ilieleza kwamba kumkagua mtu kwa sababu ya rangi ya ngozi kunavunja ibara ya 3 ya katiba yao, na polisi wa shirikisho wakamwomba radhi.

Wala hili la kuandika halikuletwa na kizazi chenu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900. Wanafunzi wake, wengine wakijiandaa kuja kututawala, walimdharau, naye akadai heshima ya mwalimu. Alioa Mjerumani, na mwaka 1905 waliposafiri kwenda pwani pamoja, watawala wa koloni wakawakatalia kuingia. Akarudi Ujerumani akaandika malalamiko kwa idara ya makoloni. Tunamjua leo kwa sehemu kwa sababu aliandika.

Mwisho, tafuta mahali pamoja kwa wiki ambapo hakuna atakayekuuliza unatoka wapi: chama cha wanafunzi Waafrika, usharika, au kikundi cha ISD, umoja wa watu weusi wa Ujerumani uliopo tangu miaka ya 1980. Huko utakutana na watu weusi waliozaliwa Leipzig ambao Kijerumani ndiyo lugha ya mama yao, na utaona kumbe swali lile wanaulizwa na wao.

*Mwanangu yuko mwaka wa pili Ujerumani. Tuliuza kiwanja ili aende. Tunasikia ana akaunti yenye yuro zaidi ya elfu kumi na moja, lakini nikimwomba ada ya mdogo wake ananijibu hana. Simu ananipigia Jumapili tu. Amebadilika au ameharibika?*
Mama, Kigamboni

Shikamoo mama. Hajaharibika kwa hayo uliyotuandikia. Tukueleze hiyo akaunti, maana inaonekana yeye kaona aibu kueleza.

Inaitwa Sperrkonto. Ubalozi hautoi viza mpaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, na kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni yuro 11,904. Si msaada wala mkopo, ni hela ya kiwanja chenu. Benki inaifunga, na kila mwezi inamwachia yuro 992 tu. Chumba cha bweni kikiwa yuro 350 na bima ya afya karibu 150, ambayo ni lazima, anabaki na kama 490. Humo atoe chakula, simu, nguo za baridi, ada ya redio na televisheni ya yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, na mchango wa chuo wa kila muhula. Kama yuko jimbo la Baden-Württemberg, kule Stuttgart au Heidelberg, vyuo vya umma huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula juu ya hayo.

Sasa sikiliza hapa, mama. Kibali chake cha kuishi kikikaribia kwisha, anatakiwa kuonyesha tena kwamba ana fedha za kujikimu za kipindi kinachofuata. Mwanafunzi aliyekuwa akituma nyumbani kutoka kwenye hizo 992 anafika ofisini mikono mitupu. Kibali kikikataliwa, kiwanja kimepotea na shahada imepotea.

Kazi anaruhusiwa, siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Wakati wa masomo, wiki ya kazi isiyozidi saa 20 huhesabiwa kama siku mbili na nusu. Akizidisha anavunja masharti ya kibali. Fedha inayoweza kufika Kigamboni ni ile ya likizo ndefu, Agosti na Septemba, akipata kazi ya kiwandani au ghala. Kwa hiyo usimwombe kila linapotokea jambo. Mpigie umuulize swali moja: mwaka huu utaweza kiasi gani, na mwezi gani? Akitaja kiasi, hata kiwe kidogo, mshike kwa hicho. Na wajomba wapewe jibu hilo hilo kutoka kwako, yeye asiwe wa kuwakatalia mmoja mmoja.

Jumapili maduka yamefungwa kule na mji umetulia, ndiyo siku yake ya nafasi. Kumbuka wao wako nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Na ukitaka kujua kama kijana yu salama usimuulize "umekula?", atasema amekula. Muulize mitihani mingapi amejisajili muhula huu.

*Nani atanisuka?*
Msomaji, Mombasa

Wasusi Waafrika wapo miji mikubwa yote, na mara nyingi maduka yao, ambayo kule huitwa Afroshop, yako karibu na stesheni kuu ya reli. Bei itakushtua, maana inahesabiwa kwa saa za kazi za Ulaya. Beba rasta zako, chanuo la meno mapana na mafuta uliyoyazoea ya miezi mitatu. Chuo kikiwa mji mdogo, panga kusuka mara moja kila wiki sita au nane siku unayokwenda mjini kwa shughuli nyingine. Saluni ya kawaida ya Kijerumani itakuosha vizuri sana na kukurudisha ulivyokuja. Ukweli ni kwamba wengi wanaokwenda huishia kujifunza kujisuka wenyewe kufikia Krismasi, na wengine hugeuka wasusi wa bweni zima.

*Niko Hamburg. Tangu Novemba nalala saa zipatazo kumi na moja kwa siku na bado nimechoka. Sina hamu ya kupika wala kuongea na mtu. Wenzangu wa kanisani wanasema niombe.*
Mwanafunzi

Omba, na Jumatatu piga simu. Hamburg mwezi Desemba jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi jioni. Ukiwa na vipindi, unaweza kumaliza wiki bila kulipata usoni. Na hata ukilipata, kati ya Oktoba na Machi miale yake kule haina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ya nyeupe kutengeneza kiasi kilekile. Wataalamu wa lishe wa Ujerumani hupendekeza mikrogramu 20 kwa siku, yaani yuniti 800, kwa mtu ambaye mwili wake haujitengenezei. Vidonge vinauzwa hata kwenye maduka ya vipodozi. Usinunue vya dozi kubwa kwa pupa, vitamini hii ikizidi inadhuru. Mwombe daktari akupime damu kwanza.

Lakini uchovu unaoambatana na kutotaka watu unaweza kuwa sonona, na hiyo haiponi kwa kidonge cha duka. Shirika la huduma za wanafunzi, Studierendenwerk, lina washauri wa saikolojia, mazungumzo ni ya siri, na kwa kawaida mwanafunzi halipi. Kuna foleni, ndiyo maana tunasema Jumatatu, siyo Januari. Ukiona inatisha usiku, 112 ni dharura. Kwa daktari wa zamu asiye wa dharura ni 116117. Ukishindwa kwenda mtihani, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Cheti cha siku tatu baadaye vyuo vingi hawakipokei.

Wakati unasubiri nafasi: toka nje adhuhuri nusu saa hata kama kuna wingu, mwanga wa nje bado unaushinda wa taa. Kula na mtu angalau mara mbili kwa wiki, kantini ya chuo ni rahisi. Na fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, asubuhi na jioni, hata kwenye barafu. Mvuke wa maharage na nguo zinazokaukia chumbani hugeuka ukungu mweusi ukutani, na gharama ya kuuondoa mwenye nyumba anaweza kukudai wewe.

*Namaliza Septemba. Nikija likizo ndugu wananiita Mzungu kwa sababu nafika kwa wakati na nasema "hapana". Nibaki au nirudi?*
Mwanafunzi, Bremen

La kubaki au kurudi hatutakuamulia. Ukihitimu unaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi ya fani yako, kwa hiyo huna haja ya kuamua Septemba. La ndugu, wape msiba mmoja na harusi mbili, watakuzoea.

Ila karatasi zishughulikie sasa. Kabla jina lako halijafutwa kwenye mfumo wa chuo, chukua cheti, orodha ya alama na kiambatisho cha shahada, vyote kwa Kijerumani na Kiingereza; ukishafutwa, kila nakala ni barua na kusubiri. Kwa Tanzania, shahada ya nje inapelekwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, na waajiri wengi, hasa wa serikali, watakuuliza. Na kwenye wasifu wako, pembeni ya ile 1.7 uliyoitolea jasho, andika kwa maneno kwamba 1.0 ndiyo ya juu kabisa. Usipoandika, kuna afisa utumishi ataisoma, atakuhurumia, na atafungua bahasha inayofuata.